Somo Aliyewaozesha Sungura

Somo alikuwa na sharti moja ambalo halikujadiliwa. Ukitaka amtafutie sungura wako mwenziwe, usimpeleke sungura huyo bandani kwake, wala yeye hatamleta wake bandani kwako. "Mgeni hapelekwi kwa mwenyeji, mwenyeji keshapakojolea na atapalinda," alisema. "Wote wawili wapelekwe ugenini." Watu wa Mpendae walicheka, halafu wakafanya kama alivyosema, maana waliofanya vyengine walirudi kwake na sungura aliyechanika sikio.

Tulimwita Somo kwa sababu ndiyo kazi aliyojulikana nayo. Alikuwa somo wa maharusi. Msichana akikaribia kuolewa, Somo alikaa naye ndani akimfunda namna ya kuishi na mume, na mama mkwe, na mawifi. Nyumba nyingi za mtaani kwetu zilikuwa na mwanamke aliyepita mikononi mwake. Sungura walikuja baadaye, sijui walikujaje. Nilipoanza kumjua walikuwa wapo tayari, nyuma ya nyumba yake, kwenye mabanda ya mbao na wavu chini ya bati. Hakuwafuga kwa kuliwa. Aliwatoa kwa watu waliotaka mnyama wa kukaa naye nyumbani, na aliwatoa wawili wawili. Mtu akitaka mmoja aliambiwa akanunue saa ya ukutani.

Maneno aliyotumia kwa sungura yalikuwa yale yale ya maharusi. Aliwaposea, akawafunda, akawakalisha fungate. Dume lazima kwanza ahasiwe na daktari wa mifugo, na akitoka huko akae peke yake wiki kadhaa mpaka mwili utulie, la sivyo atamsumbua jike na watauana. Dume wa namna hiyo, Somo alisema yumo edani. Jirani yetu mwenye vespa akamuuliza siku moja, "Somo, hata dume anakaa eda?"

"Huyu kafiwa na vitu vyake," akajibu. "Mwache aomboleze."

Sikuwa mtu wa kucheka wakati ule, lakini hilo nalikumbuka.

Na kulikuwa na jambo jengine ambalo kila mtu mtaani alilijua na hakuna aliyelisema mbele yake. Huyu aliyeweza kuwaweka pamoja sungura wowote wawili alikuwa na mke mwenza aliyekaa Jang'ombe, na wawili hao hawakuwa wakisemezana. Mume wao alikuwa amekwisha kufa, lakini wao waliendelea. Somo hakuwahi kumtaja. Ikibidi sana alisema "yule wa Jang'ombe", akamshika sungura aliyekuwa karibu na kuanza kumtazama kucha.

Mimi nilianza kwenda kwake mwaka aliofariki mama. Mama alipelekwa Dar es Salaam kutibiwa, akafia huko, akazikwa huko huko. Sisi tuliletewa nguo zake ndani ya mfuko. Sikulia. Watu walinitazama wakisubiri nilie, na mimi nilikuwa nikisubiri pamoja nao, lakini hakikuja kitu. Nilifagia, nikapika, nikaosha vyombo. Baba akaniletea sungura jike mweupe. Nafikiri aliona kwamba kitu kidogo chenye manyoya kitanichangamsha. Sungura akakaa kwenye kona, uso ukutani. Tukawa wawili.

Somo alikuja kutoa pole, akapita mpaka uani, akachutama mbele ya sungura.

"Huyu hali?"

"Anakula kidogo."

"Na wewe je?"

"Nnakula."

"Sikukuuliza kula. Nimekuuliza wewe je."

Akanyanyuka, akajifuta mikono kwenye kanga. "Haya. Huyu anataka mwenziwe. Wewe sijui unataka nini, tutaanza na huyu."

Mikono yake ilikuwa imejaa makovu. Madogo, meupe, mengine ya kucha, mengine ya meno. Alivaa soksi nene mikononi wakati wa kazi, soksi za marehemu mumewe, moja ya kijivu na moja ya kahawia. Watoto walimcheka kwamba anavaa miguu mikononi. Alisema mwanamke akiwa na soksi hizo hata mawifi hawamuwezi.

Kabla sungura hawajaonana alitaka wajuane kwa pua. Mwanzoni kabisa, mwenyewe alinisimulia, alitumia udi. Alifikiri kama bibi harusi anafukizwa udi ili anukie vizuri kwa mumewe, basi sungura wawili wakifukizwa pamoja watanukia sawa na hawatajuana nani ni nani. Akawasha chetezo, akawaweka sungura chini ya tenga, akafunika shuka. Walipotoka walikuwa wakipiga chafya, macho mekundu, na kila mmoja alimwona mwenzake kuwa ndiye aliyemletea moshi. Walipigana mpaka mmoja akaruka ukuta wa jirani.

"Nikajifunza," alisema. "Harufu ya dukani haimdanganyi mnyama. Inamdanganya mwanamme tu."

Tangu hapo alitumia kanga. Alichukua doti moja iliyokwisha chakaa, akazitenganisha kanga zake mbili. Kipande kimoja akampa jike alalie, cha pili akampa dume. Baada ya siku chache alibadilisha, huyu alalie cha yule. Lakini kabla ya kuwapa alikata maandishi yote ya kanga kwa mkasi, ule mstari wa maneno ulio chini, na kuutupa upande.

"Kwa nini unakata?" nilimuuliza. Lilikuwa moja katika maswali machache niliyowahi kumuuliza.

"Sitaki walale juu ya maneno," akasema. "Kanga ngapi zimegombanisha watu mtaani humu? Wanyama hawajui kusoma, lakini mimi najua."

Mistari hiyo ya maneno alifungia mafungu ya tembele na mchicha, na ukienda kwake uliona majani ya sungura yamefungwa kwa nusu ya tusi la mtu fulani kwa mtu fulani.

Kwa jike wangu alichagua dume wa kijivu, mkubwa, mwenye sikio moja lililolala. Kwa siku nyingi tuliwaweka uani kwetu, mabanda mawili mageni kwa wote wawili, karibu karibu, kukiwa na nafasi ya kiganja kati ya wavu na wavu ili wasing'atane pua. Wakala pamoja, kila mmoja upande wake. Somo alisema kula ndiyo kazi ya kwanza. Kama hawawezi kula wakitazamana, hawawezi chochote. Jike wangu mwanzoni alikula akimpa mgongo. Halafu akala akimpa ubavu. Halafu siku moja nikamkuta anatafuna jani la tembele huku anamtazama, bila kupepesa, kama mtu anayehesabu makosa.

"Ndiyo hivyo," Somo akasema. "Sasa twende ugenini."

Ugenini kwenyewe kulikuwa ni nyumba isiyokwisha ya mtu aliyekuwa Uarabuni. Ilikuwa na kuta bila ya paa, na chumba kimoja tu kilichosakafiwa. Somo alipenda chumba kile kwa sababu hapakuwahi kulala mbuzi wala paka wala mtu. Tuliwaweka wote wawili ndani ya kapu moja ili waogope pamoja, tukapita nao njiani. Wanawake waliokaa vibarazani wakapiga kigelegele.

"Somo, fungate mwapeleka wapi leo, hoteli za Mbweni?"

"Mbweni kuna watu wengi. Hawa nnawapeleka kwenye nyumba yao wenyewe."

"Na mahari?"

"Karoti. Wewe ulipewa nini, mwanangu, kuliko karoti?"

Waliangua kicheko. Mimi nilikuwa nimeinamisha uso. Sikupenda kutazamwa njiani, lakini nikiwa na Somo walimtazama yeye.

Ndani ya chumba akakaa chini katikati, miguu ameinyoosha, soksi mikononi, bakuli la maji ubavuni. Akaniambia nikae ukutani na nisiseme. Sungura wakatolewa. Mwanzo hawakufanya kitu. Walijilamba, wakanusa sakafu, wakajifanya kila mmoja yuko peke yake. Kisha jike akapiga mguu chini, pa, na dume akaanza kumzunguka. Wakazungukana, wakakimbizana, yakaruka manyoya meupe. Nikainuka.

"Kaa," Somo akasema. "Manyoya si damu."

Wakakimbizana tena. Walipoanza kujiviringa kama mpira, kila mmoja ameng'ang'ania tumbo la mwenzake, hapo Somo alitia mkono katikati kwa upesi ambao hukuutarajia kwa mwanamke wa umri wake, akawatenganisha na kuwarushia maji kidogo. Wakabaki wanahema. Akawapa majani. Wakala.

"Basi kwa leo," akasema. "Watu hukosea hapa. Wakiona wametulia wanataka waendelee mpaka wapendane. Ondoka wakiwa wametulia. Kesho wakumbuke utulivu, wasikumbuke vita."

Tulirudi kesho yake, na siku nyengine nyingi. Kuna mara walikataa kabisa, na Somo akamwita jirani mwenye vespa, akamkabidhi kapu. "Wazungushe mtaa, ukapite kwenye mashimo." Jirani akauliza kama Somo anamfanya yeye dereva wa bibi harusi. "Nnakufanya shetani wa njiani," akasema. "Wakikuogopa wewe watashikana wao." Vespa ikaondoka ikirukaruka. Iliporudi tukafunua kapu, jike ameingiza kichwa chini ya shingo ya dume, na dume amefumba macho. Somo hakushangilia. Alisema hofu inaweza kuwakaribisha lakini haiwezi kuwakalisha, na akaendelea na kazi yake ya kila siku.

Ikaja siku jike wangu alimkaribia dume, akashusha kichwa chini kabisa mpaka kidevu kikagusa sakafu, akakaa hivyo. Somo akaninong'oneza kwamba anaomba alambwe. Dume alimtazama, akaenda zake. Jike akabaki ameinama kwa muda mrefu. Siku ya pili vile vile. Siku iliyofuata dume akakaa, akafikiri, akaanza kumlamba kwenye paji la uso. Mimi nilikuwa ukutani. Niliona kwamba ni jambo zuri. Sikuhisi kitu, lakini niliona.

Somo alinitazama mimi, hakuwatazama wao.

Mtu akimsikia hivi atadhani alikuwa mtu mpole. Hakuwa. Aliwafunda maharusi subira, na yeye mwenyewe hakuweza kusubiri chai ichemke, aliinywa na majani yakielea. Aliwaambia wasiinue sauti ndani ya nyumba, na sauti yake yeye ilisikika mpaka msikitini. Kuku aliwachinja bila kuwatazama mara mbili. Sungura akifa alikaa kimya siku nzima. Na sungura akifa, hakuruhusu mzoga uondolewe mara moja. Alimwacha mwenziwe aliyebaki akae naye, amnuse, amsukume kwa pua, amlambe akitaka, mpaka mwenyewe aondoke.

"Lazima ajue," alisema. "Asipojua atamtafuta. Utamwona anazunguka banda, hali, anasubiri mlango ufunguliwe. Akijua, atakaa vibaya, lakini atakaa."

Niliposikia hilo nilikuwa nafagia mabanda. Nikaendelea kufagia.

Mwalimu mmoja kijana, aliyekuwa na sungura wawili majike waliokataana, alimuuliza siku moja kwa kujisahau, "Kwani, Somo, wake wenza wanaweza kukaa nyumba moja?"

Kila mtu uani akageuka kumtazama mwalimu. Somo akafikiri kweli, kama aliulizwa jambo la kazi.

"Wanaweza," akasema, "kama nyumba ni kubwa na hakuna aliyetangulia kukojoa."

Kisa cha yeye na mke mwenza wake nilikipata vipande vipande kutoka kwa wanawake wa mtaani. Mume alikuwa dereva wa gari la mchanga. Mke wa kwanza, ambaye watu walimwita Bi Mkubwa, alikaa Jang'ombe na watoto. Somo alikuwa mke mdogo, na hakupata mtoto. Mume aligawa usiku kwa haki, zamu huku na zamu kule, na hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Wakati huo wanawake hao wawili walisalimiana, walipelekeana futari, na mmoja akiumwa mwengine alikwenda kumtazama.

Usiku mmoja ambao ulikuwa zamu ya Jang'ombe, mume alipita Mpendae akiwa na homa. Somo akamwambia alale. Hakumpelekea habari mwenziwe. Kabla ya alfajiri mume akafa. Bi Mkubwa aliarifiwa pamoja na watu wengine wote, na alipofika, marehemu alikuwa ameshaoshwa na kuvishwa sanda. Akasimama mlangoni mbele ya wanawake wote waliokuja kuzika, akasema, "Amefia katika zamu yangu." Hakusema jengine. Hajaingia nyumba ile tena.

Kisha macho ya Somo yakaanza kuondoka. Alikuwa na sukari kwa miaka mingi na aliichukulia kama mgeni asiye na adabu, hampi kiti lakini hamfukuzi. Kwanza akashindwa kuwaona sungura wa kijivu wakati wa magharibi. Baadaye hata weupe, mchana. Akawa anawajua kwa masikio. Alilipitisha sikio katikati ya vidole viwili, akakwambia huyu ni nani na kala nini. Watu walistaajabu na yeye akafurahi wanavyostaajabu, na kwa muda tulijifanya wote kwamba mambo ni sawa.

Siku moja nilikuwa natenga majani uani, yeye amekaa karibu na jiko la mkaa anachemsha chai. Nikanusa kitu. Nilitazama, kaa la moto lilikuwa limeanguka juu ya mguu wake, na yeye anakoroga chai. Nikalipiga teke. Ngozi ilikuwa imeshaungua.

"Nini?" akauliza.

"Mguu wako, Somo."

Akapeleka mkono, akagusa, akaurudisha. "Hausikii," akasema. "Kitambo sasa. Nnaweza kuukanyaga msumari nisijue."

Nilijua anachosema. Nilipaka asali pale palipoungua na kufunga kitambaa, na wakati wote alikaa kama mguu ule ni wa mtu mwengine aliyemwomba amshikie.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema ataishi peke yake. Jamaa zake wa shamba walikuja, wakakaa, wakarudi kwenye kilimo chao. Nililala kwake kwa siku kadhaa. Akanirudisha. "Nenda kwa babako. Mmebaki wawili, msiachane." Nikamwambia, na nani atakaa na wewe? Akasema Mungu yupo. Lakini usiku aliamka akapapasa kuta, na mara mbili jirani alimkuta asubuhi amekaa chini uani, hakuweza kuupata mlango.

Ndipo habari ikaja kutoka Jang'ombe. Mtoto mkubwa wa Bi Mkubwa alikuja mwenyewe, akatoa shikamoo, akasema mama yake amesikia. Watoto wote wameshahama, nyumba ina nafasi. Mama anasema aje. Lakini kabla hajaja amwambie kwa mdomo wake usiku ule ulikuwaje.

Somo alisikiliza mpaka mwisho. "Hataki mtu," akasema. "Anataka hadithi."

"Ndivyo alivyosema, mama."

"Basi mwambie aje hapa nimwambie."

Kijana akakuna kichwa. "Hapa haji. Unajua mwenyewe."

"Na mimi Jang'ombe siendi kusimama mlangoni nisomewe mashitaka. Nnatiwa ndani ya banda la mtu, na mwenyewe ananingoja kwenye kona?"

Kijana akaniangalia mimi, kama vile mimi ningeweza kusaidia. Nilikuwa na fungu la mchicha mkononi. Sikuzoea kusema mbele ya mwanamme nisiyemjua.

"Kliniki," nikasema.

"Nini?" Somo akageuza uso, sikio kwanza.

"Jumatano. Nyote wawili mnakwenda kliniki ya sukari. Yeye hukaa benchi la upande wa dirisha, namwona nikikupeleka. Wewe hukaa upande wa mlango."

Somo akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Ala! Mtoto huyu ananiozesha."

Jumatano nikamshika mkono. Alivaa baibui lake jipya, na nilinusa kwamba hakujitia udi wala marashi. Kliniki ilikuwa na watu wengi kama kawaida, inanuka spiriti na dawa ya kusafishia sakafu. Bi Mkubwa alikuwa kwenye benchi la dirishani, mwanamke mrefu, mwembamba, mkoba juu ya mapaja.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," nikasema.

"Marahaba."

Nikamkalisha Somo. Niliacha nafasi kati yao, nafasi ya mtu mmoja, na mimi nikakaa mwisho wa benchi. Nilitaka kuondoka lakini Somo alikuwa ameshika ncha ya mtandio wangu.

Bi Mkubwa alifungua mkoba, akatoa pipi, akakumbuka ana sukari, akairudisha. Muuguzi alipita akiita majina. Kisha Somo akaanza kusema, uso mbele, kama anazungumza na ukuta.

"Alikuja baada ya isha. Ana homa."

"Homa tu?"

"Na kifua. Nikamwambia asiende, alale. Nikasema asubuhi nitamtuma mtu kwako."

"Hukutuma."

"Sikutuma. Asubuhi hakuifikia."

Bi Mkubwa aliminya mkoba wake. "Alisema nini?"

Nilisikia ncha ya mtandio wangu ikivutwa.

"Aliamka katikati ya usiku. Akauliza, leo zamu ya nani?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia yangu."

Ukutani mbele yetu palikuwa na picha kubwa inayoonesha mgonjwa wa sukari namna ya kuitunza miguu yake. Bi Mkubwa aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu sana. Machozi yalimtoka bila sauti na hakuyafuta. Somo hakuweza kuyaona, na mimi sikujua kama nimwambie.

"Na yeye akasema nini?"

"Akasema, basi vizuri. Akalala."

Jina la Bi Mkubwa likaitwa. Akasimama, akaingia kwa daktari, akakaa huko. Somo alibaki ameinua uso. Watu wawili walitaka kukaa kwenye nafasi ile tupu, nikawaambia ina mtu. Bi Mkubwa alipotoka alikuwa na mfuko wa dawa. Akasimama mbele ya Somo, kivuli chake kikamwangukia.

"Ukija, uje na godoro lako," akasema. "Mie sina la ziada."

Akaenda zake.

Tulipokuwa tunarudi Somo akaniuliza, "Kanitazama?"

"Mara moja."

"Alikuwaje?"

Nikafikiri. "Kama mtu aliyechoka."

"Enhe," akasema, na hakuuliza tena.

Usiku ule nilimwekea baba chakula, nikakaa badala ya kuondoka. Yeye ndiye aliyekuwa na mama kule Dar es Salaam. Nikamuuliza mama alisema nini mwisho. Alishangaa, sikuwahi kumuuliza. Akaosha mkono, akaukausha, akasema mama aliuliza kama mvua imenyesha huku Unguja. Yeye akamwambia imenyesha. Basi. Nikamuuliza, ilikuwa imenyesha kweli? Akasema hajui, hakuwa huku. Nikatoa sahani, nikaenda kuwapa sungura majani, nikakaa nao gizani kwa muda.

Sungura wa Somo tuliwatoa wawili wawili. Alisimamia mwenyewe, akiwashika masikio, akimwambia kila anayechukua tabia za wote wawili, nani huanza kula, nani hununa. Bi Mkubwa alishatuma neno kwamba hataki mnyama nyumbani kwake, hasa hao panya wakubwa. Mtu mmoja alitaka kuchukua dume tu. Somo akamwambia aende, na alikwenda. Jozi ya mwisho ilipotoka alibaki ameweka mkono kwenye wavu. Jirani akabeba godoro kichwani, mimi nikabeba nguo.

Sikwenda Jang'ombe upesi. Niliogopa nitakachokikuta. Nilikuwa nimeona mara nyingi jinsi sungura wanavyokuwa siku za mwanzo katika banda moja, hata wale waliokubaliana, jinsi mmoja anavyokaa juu ya chakula na mwengine anavyokaa kwenye kinyesi. Nilikwenda mwezi uliopita. Ni nyumba ndefu, nyembamba, katikati ya nyumba nyengine, mlango wa kijani. Bi Mkubwa akafungua.

"Karibu. Viatu hapo. Si hapo. Hapo."

Somo alikuwa kwenye chumba cha mbele, juu ya godoro lake, chini ya dirisha. Alikuwa amekonda. Alinijua kwa hatua kabla sijatoa shikamoo, akanivuta, akanishika masikio kwa vidole viwili, yote mawili, kama afanyavyo.

"Umenenepa," akasema.

"Kidogo."

"Nao?"

"Wazima. Wanalala pamoja."

Akainama, akapunguza sauti. "Huyu mtu ananipangia hata pa kuweka bakora. Redio anaizima saa ya habari. Ananitilia chai bila sukari hata chembe, ati mie mgonjwa. Kwani yeye mzima?"

"Nnasikia!" sauti ikatoka jikoni.

"Nilitaka usikie!" Somo akajibu, akaniambia mimi, "Masikio anayo, macho anayo. Mungu kampa vyote."

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama wamezoeana. Mguu wake ulikuwa umefungwa kitambaa kipya, safi, na fundo lake lilikuwa fundo la mtu anayeona.

"Hatuzungumzi sana," akasema. "Usiku naamka, najua yupo chumba cha pili, na yeye hajalala. Anakohoa nijue. Mimi nakohoa. Basi tunalala." Akapapasa godoro. "Yale hajayataja tena. Na hajanisamehe. Ningekuwa yeye nisingenisamehe. Lakini hajaniambia nitoke."

Nikamshika mkono, nikipitisha kidole juu ya makovu yake.

Jikoni sufuria ikawekwa chini. Bi Mkubwa akamwita. Hakumwita Somo, kama tunavyomwita sote, wala hakusema "we bibi". Alimwita kwa jina lake, lile alilopewa na wazazi wake. Sikuwahi kulisikia kwa miaka yote ile, na hapa sitaliandika, maana si langu.

Somo akageuza uso upande wa jikoni, sikio kwanza.

Bi Mkubwa akaita tena, vile vile, bila kupandisha sauti.

"Labeka," Somo akasema, na akaanza kutafuta ukuta ili ainuke.